Plagi Iliyokaa Upande

Kama umewahi kulala chini ya paa la zege usingizi mzito mpaka ukakoroma, mshukuru mtu kama Shindilia. Wenye nyumba humsifu mchoraji, wakamkirimu fundi mkuu, na huyu wakamsahau kabisa. Mwenyewe hakujali. Ukimuuliza kazi yake angekuonyesha mashine tu: injini ndogo ya petroli iliyofungwa kwenye fremu ya mabomba, na ubavuni mwake mpira mrefu mnene wenye kichwa cha chuma, ambao mafundi waliuita nyoka. Zege likimwagwa, kichwa hicho kinachovywa ndani, kinatetemeka, hewa inatoka kwa mapovu na zege linakaa vizuri kwenye nondo. Bila hivyo linabaki na matundu ndani kama mkate, na siku moja paa linawashukia watu mezani. Kazi ya Shindilia ilikuwa kumshika nyoka huyo. Alimshika tangu hana mvi hata moja, na jina alilopewa na mama yake likabaki kwenye vyeti.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani. Yeye mashine ile aliiita mke mwenzangu, na kwa kweli alikuwa na haki. Ililala ndani, kwenye ukumbi mwembamba kati ya chumba na jiko, imefunikwa shuka ambalo hapo zamani lilikuwa la kitanda chao. Kila jioni kabla ya siku ya kumwaga zege, mzee alikaa nayo kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akiihudumia, na mkewe alimpigia kelele kutoka jikoni.

"Umeshamwogesha mwenzangu?"

"Bado kumpaka mafuta."

"Haya, mpake. Mimi niache na magaga yangu."

Utani huo ulikuwa wa miaka, na mafundi wote kule kazini waliujua. Walikuwa wakimsalimia asubuhi kwa kumuuliza hali ya bi mkubwa na bi mdogo.

Jioni ninayoisema mimi, mzee alirudi hoi bin taabani. Walishinda wakifunga nondo na kupandisha mbao, kesho yake zege. Mtu mwingine angeoga akalala. Yeye alivuta kigoda, akaitoa mashine, akaanza. Kwanza akaiwasha kidogo, maana oili ikiwa baridi ni nzito, haishuki na uchafu wake. Akaizima, akaiinamisha, akafungua bolti ya chini, oili ikachuruzika kwenye kopo la rangi, nyeusi ti. Zamani angechovya kidole, akasugua na kidole gumba, na hapo hapo angejua kama kuna chembe za chuma. Siku hizi alisugua kwa mazoea tu. Aliinusa, akaiinua kwenye mwanga, akajiambia ni nzuri, akamimina mpya na kuipima kwa kijiti chake. Sponji la kuchuja hewa alilifua kwa maji ya sabuni, akalibana bila kulisokota, akalianika kwenye kamba ya nguo kati ya soksi zake. Akachukua mswaki mkuukuu akasugua vumbi la saruji lililoganda kwenye injini, kwa sababu vumbi hilo likizidi injini inapata joto mpaka inakataa kazi.

Alifanya yote hayo polepole kuliko zamani, na sababu alikuwa akiijua peke yake. Vidole vyake vilikuwa vimekufa. Vilianza kwa kuwa vyeupe asubuhi za baridi, vyeupe kama vya maiti, halafu damu ikirudi vinawasha mpaka anauma meno. Baadaye hata kuwasha kukaisha, vikanyamaza. Kikombe cha chai alikishika kwa macho. Akiingiza mkono mfukoni hakujua kama ameshika ufunguo au kitambaa mpaka akitoe akitazame. Kumshika nyoka anayetetemeka kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, ndiko kulikomla, naye alijua. Alijikaza kisabuni, akanyamaza.

Na kwa nini asiseme? Wewe usimhukumu haraka. Pale kazini palikuwa na mzee mwingine, bingwa wa kupandisha ndoo kwa kamba, macho yakaingia ukungu. Hawakumfukuza, la. Walimheshimu sana. Walimpa kiti getini na filimbi shingoni, akae alinde mbao. Shindilia alimpita kila asubuhi, na kila asubuhi alimwona amepungua, mpaka mafundi wapya wakawa wanadhani ni mlinzi tangu kuzaliwa. Fundi mkuu alikuwa shemeji yake Shindilia, mdogo wake mama watoto kabisa, tumbo moja. Huyo asingemtupa kamwe. Angemtafutia filimbi yake, tena kwa upole, tena mbele ya watu, na mzee wetu upole huo aliuogopa kuliko matusi. Bila mashine ile hakujua angejiita nani.

Basi ikabaki plagi. Akaifungua, akaipiga brashi ya waya, akatazama nafasi ya cheche, ikawa sawa. Sasa kuirudisha. Hapo nikuambie kanuni moja, na kanuni hii ilikuwa yake, aliihubiri kwa kila aliyegusa mashine: plagi inaingia kwa vidole. Unaizungusha taratibu, unasikia uzi wake unavyoshika uzi wa tundu, inazama yenyewe mpaka mwisho, na spana inakuja kukaza kidogo tu. Ukianza na spana utaiingiza upande, na kichwa cha injini ni cha aluminiamu, laini, plagi ya chuma itakitafuna. Mara ngapi alimnyang'anya mtu spana akamwambia, "Hii ni injini, si msumari!"

Aliiweka plagi tunduni, akaizungusha. Haikushika. Akaitoa, akaiweka tena, akazungusha, ikaanguka chini ikabingirika hadi mchangani. Akaifuta kwenye shati. Akajaribu mkono wa kushoto. Akafumba macho, akidhani giza litamsaidia kusikia. Wapi! Ilikuwa kama kushika kitu kwa vidole vya mtu mwingine.

"Baba watoto, chakula kinapoa!"

"Nakuja."

"Unakuja tangu saa ngapi? Huyo bi mdogo leo ana nini?"

"Nimesema nakuja, mama!"

Akatazama mlangoni kama yupo mtu, akachukua spana. Plagi ikazunguka, ikawa nzito, ikazunguka tena. Alijua uzito ule. Fundi yeyote anaujua uzito ule, na ukimwuliza leo atakuambia alijua. Lakini mgongo ulikuwa unamuuma, giza lilikuwa linaingia, na chakula kilikuwa kinapoa. Akajiambia ni kutu. Kutu wapi, na plagi imetoka kusuguliwa! Akakaza mpaka ikagoma, akaifunika mashine shuka lake, akaenda kula.

Kesho yake paa lilijaa watu mapema. Wachanganyaji chini, wabeba ndoo kwenye ngazi, mafundi juu na mbao za kusawazishia. Shemeji alisimama katikati kama kawaida yake, mikono kiunoni, sauti kwa kila mtu. Zege la kwanza likamwagwa, Shindilia akavuta kamba ya kuwashia. Injini ikawaka, lakini kwa sauti yenye mluzi ndani yake, fyu, fyu, fyu, kama mtu mwenye pengo anayejaribu kupuliza moto.

"Shemeji, vipi hiyo?" fundi mkuu aliuliza.

"Usingizi tu. Itachangamka."

Ikachangamka kweli, kwa muda. Nyoka akatetemeka, zege likashuka, ndoo zikaja juu ya ndoo. Halafu, pu! Plagi ikaruka kutoka kwenye injini, ikagonga ndoo ya maji, ikaanguka. Haikumpiga mtu, shukuru. Injini ikakohoa ikafa, zege limetapakaa katikati na lingine liko njiani.

"Jamani, zege halilali!" shemeji alipiga kelele. "Shikeni nondo! Kila mtu na nondo yake, chomeni, chomeni, msiache kona! Wengine gongeni mbao kwa chini!"

Wakachoma. Kuchoma zege kwa mkono ni adhabu, nakwambia. Unainua kipande cha chuma, unakizamisha, unakichomoa, unasogea, na nyuma yako wenye ndoo hawangoji. Shindilia naye akashika nondo. Aliishika kwa nguvu kupita kiasi kwa kuwa hakujua ameishika vipi.

Fundi mkuu akaiokota plagi. Akaigeuzageuza. Uzi wake ulikuwa umejaa ung'avu wa aluminiamu iliyotafunwa. Akachungulia tundu la injini, akaguna.

"Hii iliingia upande. Ilikaa upande kama kofia ya mlevi, halafu ikakazwa kwa spana." Akainua uso. "Nani kaifunga hii?"

Watu wote walimtazama Shindilia. Hakuna aliyemshuku, na hilo ndilo lililomponza. Walimtazama wakingoja jina la mjinga aliyevunja kanuni ya mzee. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, mimi. Lilimfika kooni, akaona kiti cha getini, akaona filimbi.

"Dada yako," alisema.

"Nani?"

"Dada yako. Nilikwenda kuoga jana, nikaiacha mlangoni. Kaniona nimechoka, akataka kunisaidia. Mimi sikujua, nimeona leo."

Mbeba ndoo mmoja akapasua kicheko. "Bi mkubwa kalipiza! Miaka yote hii alikuwa anamngojea bi mdogo!"

Loo, walicheka. Walicheka huku wanachoma, wakatupiana maneno kutoka kona hadi kona, mwingine akasema wivu wa mwanamke unaweza kuangusha ghorofa. Hata Shindilia alicheka. Mdomo huponza kichwa, lakini siku ile uliponza kichwa cha mtu mwingine aliyekuwa nyumbani anashona, hana habari. Fundi mkuu peke yake hakucheka. Aliitia plagi mfukoni, akaenda kuchoma zege na wenzake.

Walifanya kazi hadi jua linazama, na bado kona moja iliwahi kuganda. Fundi mkuu aliigonga kwa nyundo, akaisikiliza, akatikisa kichwa. Kona hiyo ingevunjwa na kumwagwa upya. Wabeba ndoo walishuka ngazi wakishikilia viuno kama wazee. Shindilia alipakia mashine kwenye mkokoteni, akaisukuma hadi nyumbani, na njia nzima alijifariji kwamba shemeji ana mambo mengi, atasahau.

Hakusahau. Mzee alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuoga, amekaa kwenye mkeka barazani, mkewe kando yake anapinda kanzu ya mteja kwa mkono, hodi ikapigwa. Shemeji aliingia na saruji imemkaukia miguuni.

"Karibu, mdogo wangu. Hata hujaoga?" mama alisema. "Pole na kazi."

"Nimeshapoa, dada. Sikai." Lakini alikaa. Akatoa plagi mfukoni, akaiweka mbele yake juu ya mkeka. "Dada, mimi nakuheshimu, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni. Lakini leo umetutia aibu."

"Mimi?"

"Mashine si cherehani. Kama hujui kitu, uliza. Tumeshinda tunachoma zege kwa mikono, watu wanatoka malengelenge, na kona nzima inavunjwa kesho. Mwenye nyumba kasimama pale chini anatutazama. Ningemjibu nini? Kwamba dada yangu kacheza na plagi?"

Mama watoto akaitazama plagi, akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama ncha ya mkeka.

"Shemeji, mimi nilimwambia asiwe anagusa," Shindilia alianza, na akishaanza mwongo huwa hajui pa kushukia. "Lakini unamjua dada yako, ana huruma sana. Aliniona nimechoka..."

"Hebu mkono wako," mkewe alisema taratibu. "Naona una kibanzi."

Akauvuta mkono wake, akauweka juu ya goti lake. Mzee akauacha, hakuwa na haja nao, alikuwa na maneno ya kumalizia.

"...nikaingia kuoga, nikatoka, nikakuta imeshafungwa. Sasa mimi nitajuaje? Nikaona imefungwa vizuri kabisa kwa nje. Hata mimi nilishangaa, nikasema huyu mama leo kaamka na mkono gani? Lakini shemeji, tusimlaumu sana. Ni mapenzi tu. Mtu anaweza kukosea kwa mapenzi, si ndiyo? Mimi mwenyewe nimemsamehe kabisa, sina kinyongo naye..."

Aliendelea hivyo. Na alipokuwa akiendelea, shemeji yake aliacha kumtazama usoni. Alikuwa anatazama chini, gotini kwa dada yake, na mdomo wake ulikuwa wazi. Mzee alisema maneno mengine mawili matatu kabla hajaona kwamba hakuna anayemsikiliza. Ndipo naye akatazama chini.

Mkewe alikuwa ameshika sindano ya kupindia kanzu. Kidole cha shahada kilikuwa na tone la damu kwenye ncha. Cha kati kilikuwa na tone. Cha pete kilikuwa na tone, na sindano ilikuwa ndani ya kidole cha mwisho, imesimama, na mwanamke ameiachia.

Mama aliichomoa sindano, akaifuta kwenye upindo wa khanga yake.

"Nani anakufungia vifungo vya shati asubuhi?" alimwuliza mumewe. Hakupandisha sauti. Alikuwa amechoka kama alivyochoka huyo mumewe. "Nani anakumenyea chungwa? Umeungua mkono kwenye sufuria nikausikia mimi kwa pua. Nilikuwa nangoja useme. Nikasema ana haya, atasema siku yake ikifika. Kumbe ikifika utasema mimi."

"Mama watoto..."

"Lawama ningebeba. Nimeshabeba mengi, na hilo lingekaa. Lakini ningelibeba hilo, wewe keshokutwa ungepanda tena kule juu kwenye zile mbao na mikono hii. Ukishika ngazi utajua umeishika?"

Shemeji aliufikia mkono ule akauchukua, akavibonyeza vidole kimoja kimoja, kama mtu anayejaribu kama zege limekauka. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa vumbi.

"Tangu lini, shemeji?"

"Muda," Shindilia alisema. "Muda mrefu."

"Na mimi kila siku nakwambia shika vizuri, shika vizuri." Aliurudisha mkono polepole juu ya goti la dada yake. "Dada, nisamehe."

"Hukukosea wewe."

Akanyanyuka. Akasimama mlangoni, akaitazama mashine iliyokuwa ukumbini chini ya shuka lake, akasema ataipeleka kwa mchonga vyuma achimbe uzi mpya wa plagi. Akasema pia kwamba nyoka atashikwa na mtu mwingine. Hilo la pili alilisema kwa upole mno, kwa sauti ya chini, akaiita kila mara heshima ya mzee wetu, na akasema pengine patapatikana kazi nyepesi ya kukaa, waone kesho. Shindilia alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu anayeaga. Kisha fundi mkuu akachukua fremu kwa mkono mmoja na nyoka begani, akatoka nayo.

Mama watoto alikwenda ndani akarudi na kitambaa chenye maji. Akakaa tena, akauchukua mkono, akaanza kufuta damu kidole kwa kidole, akikandamiza kila kimoja ikome.

"Inauma?" alimwuliza.

Shindilia alikitazama kitambaa kinavyobana kidole chake. Alikitazama kwa makini sana, akingoja.

"Haiumi," alisema, na hapo ndipo mzee mzima alipoanza kulia.